Mbinu ya piano haianzii kwenye nguvu za vidole

Anayeanza piano akiwa na hamu ya kufika mbali hachelewi kukutana na ushauri unaogongana. Huyu anamwambia akunje vidole, yule anamwambia avinyooshe. Mmoja anasisitiza kila kidole kiinuliwe juu kabla ya kupiga ili kipate nguvu, mwingine anasema nguvu yote itoke begani na vidole vikae kimya. Wapo wanaoapa kwa mazoezi 60 ya Charles-Louis Hanon, yaliyochapishwa Ufaransa mwaka 1873, na wapo wanaodai kwamba mazoezi hayohayo ndiyo yaliyowakakamaza mikono. Na kila upande una bingwa wake wa kuuonyesha. Vladimir Horowitz alipiga vidole vikiwa vimelala karibu bapa. Glenn Gould alikalia kiti kifupi mno kiasi kwamba pua yake ilikaribia vibonyezo. Ukitafuta ukweli kwa kutazama mikono ya mabingwa utazunguka tu, kwa sababu kila mmoja wao alikwisha kupatana na mwili wake miaka mingi kabla hujamwona.

Mimi naona ni heri kuanzia kwenye chombo chenyewe. Piano ina namna moja tu ya kupokea amri kutoka mkononi, na ukishaijua, sehemu kubwa ya ubishi huu inajimaliza.

Kinachotokea ndani ya milimita kumi

Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda aliyefanya kazi Florence, Italia, alibuni piano karibu na mwaka 1700. Tatizo alilolitatua lilikuwa hili: nyundo ikigonga waya halafu ikabaki imeugusa, sauti inakufa palepale. Kwa hiyo alitengeneza mtambo unaoiachia nyundo kabla haijafika kwenye waya, na piano za leo bado zinafanya kazi kwa msingi huo. Unapobonyeza, kibonyezo kinashuka takriban milimita 10. Wakati huohuo nyundo inapanda karibu milimita 45. Ikiwa imebakiza milimita moja au mbili kuufikia waya, inaachana na kibonyezo na kuimalizia safari peke yake, kama jiwe lililokwisha kutoka mkononi mwa mrushaji. Inagonga, inarudi.

Kuanzia hapo, chochote unachokifanya juu ya kibonyezo hakiifikii nyundo. Unaweza kukandamiza mpaka kucha ziwe nyeupe, sauti ni ileile iliyokwisha kutoka. Kilichoamua ukubwa wake ni kasi ya nyundo wakati inaachiwa. Piano za umeme zinalithibitisha jambo hili vizuri: chini ya kila kibonyezo kuna vihisi, na chombo kinapima muda uliopita kati ya kugusa kihisi kimoja na kingine. Muda ukiwa mfupi, sauti inakuwa kubwa. Kukandamiza kwako baada ya hapo hakupimwi, na bado watu wanazipiga piano hizo siku nzima bila kuona pengo lolote.

Sasa angalia uzito unaohitajika. Kibonyezo cha piano ya kawaida huanza kushuka ukikiwekea gramu 50 hivi. Mkono wa mtu mzima, kutoka begani hadi ncha za vidole, una kilo tatu au zaidi. Mtoto wa miaka sita ana nguvu za kutosha kupiga noti yoyote kati ya 88. Kwa hiyo yule anayeanza, anayeshindwa kupiga kipande kwa kasi na kujiambia kwamba vidole vyake ni dhaifu, anautibu ugonjwa asio nao. Na dawa anayojipa, yaani kukaza zaidi, ndiyo inayomrudisha nyuma.

Mbinu, basi, ni kukifikisha kidole mahali pake, kwa kasi uliyoikusudia, kwa wakati wake, halafu kuachia. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Walimu wengi hueleza kwa kirefu jinsi ya kubonyeza, na karibu hawasemi lolote kuhusu sekunde inayofuata.

Jaribu hivi. Piga noti moja kwa kidole cha kati na uishikilie. Sauti ikiwa bado inasikika, punguza nguvu taratibu, kidogo kidogo, mpaka ufike pale ambapo kibonyezo kinataka kupanda chenyewe. Hapo ndipo palipo kiasi halisi cha nguvu kinachohitajika kuishikilia noti. Karibu kila mtu hugundua kwamba alikuwa akikandamiza mara kadhaa zaidi ya hapo, na kwamba bega na taya navyo vilikuwa vimeingia kazini bila kualikwa. Rudia kwa kidole cha pete, kisha cha mwisho. Zoezi hili halina muziki wowote na halimvutii msikilizaji yeyote, lakini kwa maoni yangu lina thamani kuliko wiki nzima ya kupanda na kushuka skeli (mfululizo wa noti zinazofuatana kwa mpangilio) kwa haraka.

Vidole havijitegemei kama tunavyodhani

Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya kushoto kana kwamba unapiga noti. Utahisi misuli ikicheza chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole vyenyewe. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Inayofanya kazi hiyo ni misuli ya kigasha, inayovuta kano ndefu (kamba zinazounganisha misuli na mifupa) zilizopitia kwenye kifundo cha mkono, ikisaidiwa na misuli midogo ya kiganjani. Ndiyo maana kifundo kilichopinda sana, iwe kwa juu, kwa chini au kwa pembeni, huvichosha vidole hata kama vidole vyenyewe havijakosea kitu: kano zinalazimika kuteleza kwenye kona.

Kunyoosha vidole kuna misuli yake pia, upande wa pili wa kigasha. Makundi haya mawili yakifanya kazi kwa zamu, kidole kinakwenda kwa wepesi. Yakivuta kwa pamoja, kidole kinakakamaa. Kukakamaa huku ndiko adui mkubwa wa anayeanza, na njia ya haraka ya kukaribisha kukakamaa ni kuinua vidole juu kwa makusudi huku ukijiandaa kuvishusha. Kidole kinachogusa kibonyezo tayari kina milimita 10 nzima za kuongeza kasi. Hakihitaji kuruka kutoka angani.

Kuna jambo jingine ambalo mazoezi hayaliondoi. Weka kiganja juu ya meza, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine viache vimenyooka. Sasa jaribu kuinua kidole cha pete. Hakiinuki, au kinatikisika tu. Hii si kasoro yako: kano za kukinyoosha kidole hicho zimeunganishwa na za majirani zake nyuma ya kiganja. Katika karne ya 19 watu walijaribu kulilazimisha umbile hili. Johann Bernhard Logier, mwalimu wa piano, alipata hataza mwaka 1814 ya mtambo wa kufungwa kwenye kinanda ili kuvishikilia viganja na vidole mahali pamoja. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani, naye alitumia kifaa cha kufunzia vidole, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia ukaharibika, akaiacha ndoto ya kuwa mpiga piano. Chanzo hasa cha madhara yake kinabishaniwa hadi leo, lakini hakuna mwalimu makini anayependekeza vifaa vya aina hiyo tena.

Frédéric Chopin, mtunzi na mpiga piano mzaliwa wa Poland, aliliona jambo kwa jicho jingine. Kwake, vidole havikuumbwa sawa, na kazi ya mwanafunzi ni kuitumia tofauti hiyo badala ya kupigana nayo. Kwa vitendo, hii inamaanisha kwamba mkono ukifika kwenye kidole cha mwisho, usikiachie kibanduke na kupiga peke yake kutoka pembeni. Kigasha kisogee nje kidogo, sentimita moja au mbili, kijipange nyuma ya kidole hicho. Ghafla kile kidole "dhaifu" kinatoa sauti nzuri. Hakikupata nguvu mpya usiku mmoja, kimepata mkono nyuma yake.

Kwa hiyo ule ubishi wa vidole na mkono una jibu rahisi: kidole ndicho kinachokishusha kibonyezo, mkono ndio unaokipeleka kidole mahali ambapo kazi hiyo inakuwa nyepesi. Mwenye kupiga kwa vidole pekee atakakamaa. Mwenye kupiga kwa mkono pekee atapiga noti nzito, zenye kubabaika. Na kuhusu kukunja au kunyoosha, acha mkono uning'inie kando ya mwili ukiwa umelegea, uinue, uuweke juu ya vibonyezo bila kubadilisha umbo la vidole. Umbo hilo ndilo la kuanzia. Litanyooka kidogo kwenye vibonyezo vyeusi na kujikunja kidogo kwenye vyeupe, na si kosa.

Hanon je? Noti zake hazina ubaya wowote. Ubaya upo kwenye kuzipiga nusu saa kila siku kwa vidole vilivyoinuliwa, akili ikiwa kwingine, kwa imani kwamba kiasi chenyewe kitazaa kitu. Mtu anayetumia ruwaza moja (mpangilio mmoja wa noti) kwa dakika tano huku akichunguza kama kigasha kinafuata kidole atafaidika. Anayekamilisha yote 60 kwa ajili ya kujisifu, sidhani.

Kidole gumba, na kwa nini C si mahali pazuri pa kuanzia

Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa vinanda, alieleza kwamba baba yake, Johann Sebastian, alimsimulia jinsi alivyowasikia akiwa kijana wapigaji wakubwa ambao hawakutumia gumba ila pale walipohitaji kufikia noti za mbali. Gumba kuwa nguzo ya mkono ni jambo lililokuja polepole, na bado ndilo linalowasumbua wanaoanza kuliko lolote.

Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, 1, hadi kidole cha mwisho, 5. Skeli ya C meja (noti C, D, E, F, G, A, B, C, zote kwenye vibonyezo vyeupe) kwa mkono wa kulia ni 1-2-3-1-2-3-4-5: baada ya kidole cha tatu kupiga E, gumba lazima lifike F. Vitabu husema gumba "lipite chini". Anayeanza husubiri mpaka E imekwisha kupigwa, kisha analitupa gumba chini ya kiganja kwa haraka, kiwiko kinachomoka nje, na F inatoka kwa kishindo. Ukisikiliza skeli ya mtu na ukasikia noti mbili zinapiga kelele kuliko nyingine, huhitaji hata kutazama. Ni gumba.

Kinachosaidia ni kuanza mapema. Mara kidole cha 2 kinapopiga D, gumba liwe limekwisha kuanza safari yake likiwa limelegea karibu na vibonyezo, na mkono mzima uwe unasogea kulia kwa mwendo mmoja usiokatika, bila kusubiri na kurukia. Wakati F inapowadia gumba liko pale tayari. Kwa kurudi chini, kidole cha 3 kinavuka juu ya gumba, na hapo kosa la kawaida ni kulikandamiza gumba kama mtu anayeogopa kuanguka.

Chopin aliwaanzisha wanafunzi wake na skeli ya B meja, na C aliiweka mwisho: ni rahisi kuisoma, lakini ni ngumu kwa mkono. Ukiijaribu utaona sababu. Weka gumba la kulia kwenye E, vidole vya 2, 3 na 4 kwenye F shapu, G shapu na A shapu (shapu ni noti iliyopandishwa kidogo, na hapa zote ni vibonyezo vyeusi), cha 5 kwenye B. Vidole virefu vimeangukia vibonyezo vyeusi, vilivyo mbali na juu zaidi, na vile vifupi viko kwenye vyeupe. Mkono haujapinda popote. Na kwa kuwa vidole virefu viko juu, chini yake kuna nafasi ya gumba kupita. Kwenye C vibonyezo vyote viko sawa, nafasi hiyo haipo. Skeli ya B meja kwa mkono wa kulia ni 1-2-3-1-2-3-4-5 vilevile, na kushoto, ukianzia chini, ni 4-3-2-1-4-3-2-1. Shapu tano zinawatisha watu kwenye karatasi. Mkononi hazitishi.

Taratibu, lakini si kwa namna yoyote

Ushauri wa kufanya mazoezi taratibu ni wa kweli na unaeleweka vibaya. Ukipiga polepole sana, mjongeo mbovu nao unawezekana: una muda wa kuinua kidole, kulitupa gumba, kukaza, kulegeza, na noti zote zitatoka sahihi. Ukiongeza kasi muda ule unatoweka, na kila kitu kinavunjika. Ndipo mtu anasema, "Polepole naweza, haraka nashindwa", na kuongeza metronomu (kifaa kinachogonga mapigo ya kasi) alama moja moja kila siku akitumaini ukuta utasogea. Hausogei, kwa sababu mjongeo anaoufanya taratibu si ule utakaohitajika kwa kasi.

Kwa hiyo taratibu iwe na mjongeo uleule mdogo wa kasi, ila wenye nafasi kati ya noti na noti. Na pembeni yake kuwe na vipande vidogo vya kasi halisi. Chukua noti mbili za mahali panapokusumbua. Zipige kwa kasi ya mwisho unayoitaka, simama kwenye ya pili, legea kabisa, sikiliza. Zikitoka sawa na mkono umelegea, ongeza ya tatu. Kisha ya nne. Pale utakapohisi kigasha kimekaza, umepata mahali penye tatizo, na mara nyingi ni noti moja tu: upangaji wa vidole usiofaa, au mkono uliochelewa kusogea. Hiyo ndiyo unayoitengeneza. Kikundi cha noti nne zilizo safi kwa kasi kamili kina faida kuliko ukurasa mzima wa kubahatisha.

Kuna tabia moja ya kuacha leo. Mtu anakosea kwenye kipimo cha 7 (kipimo ni kipande kifupi cha muziki kati ya mistari miwili ya wima), anarudi kipimo cha 1. Anakosea tena palepale, anarudi tena. Baada ya dakika ishirini kipimo cha 1 kimepigwa mara nyingi mno na kimekuwa kizuri ajabu, huku cha 7 kikiwa kimefundishwa kosa lake barabara. Anzia mwisho wa kipimo cha 6, piga hadi noti ya kwanza ya cha 8, basi. Makosa mengi hukaa kwenye kiungo kati ya kipimo na kipimo.

Jirekodi kwa simu. Wakati unapiga, masikio yako yana shughuli nyingine. Rekodi itakuambia noti zipi zinaruka, wapi unakimbia, na ni mara ngapi pedali ya kulia, ile inayoziacha noti ziendelee kusikika, imefunika uchafu ambao vidole viliuacha. Ndiyo maana mazoezi ya mbinu hufanywa bila pedali.

Kuhusu kukaa: kalia nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote sakafuni, viwiko vikiwa usawa wa vibonyezo au juu yake kidogo. Kuhusu chombo: vibonyezo 88 vyenye uzito wa nyundo. Vile vyepesi vya springi vinafaa kujifunzia noti, lakini kuidhibiti sauti ndogo havifundishi.

Maumivu hayana mjadala. Uchovu wa misuli unaoisha baada ya dakika chache ni jambo la kawaida, ingawa nao unakuambia kuna mahali unakaza. Maumivu makali, ganzi au vidole kuwasha kama sindano ni dalili ya kusimama siku hiyohiyo, na yakijirudia ni suala la daktari. Chopin, ambaye hakuwa mvivu, aliwataka wanafunzi wake wasizidishe saa tatu kwa siku. Anayeanza hafiki huko. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinamfaa kuliko saa mbili za mfululizo, kwa kuwa umakini huisha kabla ya misuli, na ubongo huendelea kuupanga mjongeo mpya wakati wa mapumziko na usingizini.

Linabaki suala la vipande, na hapa ndipo hamu ya kufika mbali inapowaponza wengi. Mtu wa mwezi wa tatu anachagua kazi ya mwaka wa nane na kuipigania kwa mwaka mzima. Atazipata noti, pengine, lakini atazipata pamoja na kukakamaa kote alikotumia kuzilazimisha, na kuondoa kukakamaa huko baadaye ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Vipande vifupi vingi hujenga mkono haraka zaidi: etudi (vipande vya mazoezi) 25 za Friedrich Burgmüller, Opus 100, au juzuu za mwanzo za Béla Bartók katika mfululizo wake wa vipande 153 vinavyopanda hatua kwa hatua. Ile kazi kubwa ya ndoto zako usiifiche kabatini. Chagua vipimo vinne tu ndani yake, mkono mmoja, uvichukue kama zoezi la mwezi mzima, na usiende cha tano mpaka hivyo vinne vipigike bega likiwa chini na rekodi ikikubali.